WALIOTANGULIA NA WANAOFUATA
Mazungumzo ya radio kwa watu wazima wa Handeni na Korogwe, juu ya kuwasaidia wanafunzi wa Chuo Kikuu

Natumaini kikundi chenu kimekwisha kaa, wazee wamepata viti, na mwenye daftari ameshika kalamu. Wenye umri wangu watakumbuka mwaka 1973, tulipokuwa tukikaa hivi hivi kusikiliza mafunzo ya "Mtu ni Afya", kisha tukatoka kwenda kuchimba vyoo. Leo hatutachimba choo. Leo tutazungumza juu ya fedha, na kuzungumza juu ya fedha mbele ya watu ni kugumu kuliko kuzungumza juu ya choo.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa mwezi wa kumi, majira ambayo vyuo vyetu vikuu hupokea wanafunzi wapya. Nilikuwa nimesimama Mkata, pale njia ya Handeni mjini inapoachana na barabara kuu ya Chalinze na Segera, nangoja basi la Dar es Salaam. Akaja mtu mmoja na binti yake. Binti alikuwa na begi, na godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mkonge, na ndoo ya plastiki imejaa vitu vidogo vidogo.

"Shikamoo, babu," akaniamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Safari ya wapi?"

"Mlimani, babu. Chuo Kikuu."

Baba yake alicheka kwa furaha, akaniambia bila ya mimi kumwuliza, "Mzee wangu, hapa unaponiona nimeuza mahindi yote ya akiba na mbuzi watatu. Nauli imepatikana, ada ya muhula wa kwanza imepatikana, na ya kula kama wiki tatu. Mkopo wa Serikali amepewa, lakini si wote."

"Na baada ya hizo wiki tatu?"

"Mungu ni mkubwa, mzee wangu."

Basi likaja, tukapanda. Habari za binti yule nitazirudia baadaye. Kwanza nataka tuelewane mzigo wenyewe ni wa namna gani, kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba mtoto akifika Chuo Kikuu kazi ya mzazi imekwisha.

Tangu mwaka 2016 watoto wetu husoma bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 ada imeondolewa hata katika kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jema, nami nalishukuru. Lakini lina jambo lake. Mzazi wa Kwamsisi au wa Magoma aweza kumlea mtoto hadi kidato cha sita bila kuiona ankara kubwa ya masomo, kisha ankara hiyo ikamjia siku moja kama mvua ya mawe. Katika vyuo vya umma ada ya mwaka mmoja, kwa masomo mengi ya shahada ya kwanza, huwa kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu. Juu ya ada kuna chumba cha kulala, chakula cha kila siku, vitabu, bima ya afya, nauli, na zile wiki za mafunzo ya vitendo ambazo mwanafunzi hupelekwa mahali asikokuwa na ndugu. Ada si neno kubwa katika hesabu hiyo. Neno kubwa ni chakula. Mtu hali ada.

Serikali haikukaa kimya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Bodi hupima uwezo wa mzazi, kisha hutoa mkopo mzima kwa mmoja, nusu kwa mwingine, na mwingine hukosa kabisa. Sehemu ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita "bumu", imepandishwa kwa vipindi mpaka kufika shilingi 10,000 kwa siku. Bumu likija, mwanafunzi anakula. Likichelewa, anakula kwa rafiki yake. Na kama rafiki naye anangoja bumu hilo hilo, basi wote wawili hunywa chai.

Hapa sharti niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Watoto wengi wa pande zetu hukosa mkopo si kwa sababu wazazi wao ni matajiri, bali kwa sababu ya karatasi. Jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na jina la cheti cha shule. Baba amefariki miaka kumi iliyopita na hakuna aliyechukua cheti cha kifo. Mtoto ni yatima kweli, kijiji kizima kinajua, lakini karatasi haijui. Bodi iko Dar es Salaam, nayo husoma karatasi. Mtu aliyesoma, akirudi nyumbani likizo akakaa siku mbili na watoto wa kidato cha sita kuwajazia fomu sawasawa na kuwaandama wazazi wapate vyeti, huyo ametoa msaada mkubwa kuliko mwenye kutoa laki moja na kuondoka.

Sasa tutazame nyuma kidogo. Zamani za ukoloni hapakuwa na chuo kikuu katika Tanganyika. Aliyetaka elimu hiyo alikwenda Makerere, Uganda, chuo kilichoanza mwaka 1922, na waliofika huko walikuwa wa kuhesabika. Julius Nyerere alisoma Makerere tangu 1943 hadi 1945, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa msaada wa masomo, akarudi 1952. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na somo moja tu, la sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Nacho hakikuwa na jengo lake. Kilianza katika jengo la TANU, katika mtaa ambao sasa waitwa Lumumba. Kilihamia kule Mlimani mwaka 1964.

Nalikumbusha jambo hili kwa sababu. TANU ilikuwa ikiishi kwa ada na michango ya wanachama wake, na wengi wa wanachama hao hawakupata kuingia darasani. Mkulima wa mahindi wa Handeni aliyelipa kadi yake, na mfanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Korogwe aliyekatwa jasho kwa kipande cha siku thelathini, wote hao, kwa njia moja au nyingine, wana tofali lao katika chumba kile cha kwanza cha Chuo Kikuu. Hawakujua kwamba wanasomesha wanasheria. Wamewasomesha.

Baadaye Serikali ilibeba gharama zote: ada, chakula, kitanda, hata fedha ya mfukoni. Fedha hizo zilikuwa za kodi, na kodi ilikuwa ya pamba, kahawa, na mkonge. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha wanaosomeshwa namna hii na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Akichukua kile chakula asirudi, ni msaliti. Katika wilaya nyingine mfano huo ni maneno tu. Handeni si maneno. Sisi twajua njaa ni kitu gani, na twajua mtu anayetumwa kutafuta chakula hupimwa kwa jambo moja: kurudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mzigo ulizidi nguvu za Serikali, na utaratibu wa kuchangia gharama ukaingia. Vyuo vikaongezeka, wanafunzi wakawa maelfu kwa maelfu, na hapo ndipo swali letu la leo linapozaliwa: je, wale waliokwisha soma wana sehemu gani?

Sehemu ya kwanza ni deni. Aliyekopeshwa na Bodi, akiwa na kazi ya mshahara, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Kiwango hicho kilianza 2016. Watu walilalamika sana, na baadhi ya malalamiko yao yalikuwa ya haki. Mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa. Walakini asilimia 15 hizo zina maana. Fedha inayorudi ndiyo anayopewa mwanafunzi wa mwaka unaofuata. Mtu anayejificha asilipe, akabadilisha namba za simu na kukimbia barua, hajifichi kwa Serikali. Anajificha kwa mtoto wa jirani yake.

Lakini kulipa deni si kutoa. Nani husifiwa kwa kurudisha jembe aliloazima? Sehemu ya pili, nayo ndiyo ninayotaka mwiwekee masikio, ni kutoa kwa hiari: waliosoma shule moja au chuo kimoja, au waliotoka wilaya moja, kujikusanya na kuwasomesha wanaofuata.

Wenzetu wa Marekani wameifanya kazi hii kuwa desturi. Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha mfuko wa kila mwaka wa wahitimu wake mwaka 1890. Huko mtu akimaliza chuo, barua humfuata hata akihama mji mara kumi: tuma chochote ulicho nacho. Michael Bloomberg, ambaye baadaye alikuwa tajiri mkubwa na Meya wa New York, alimaliza Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, na mwaka uliofuata akakipelekea chuo dola 5. Dola tano tu! Mwaka 2018 alikipa chuo hicho hicho dola bilioni 1.8 kwa ajili ya kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Usinielewe vibaya, sikuambii kwamba kila atoaye shilingi elfu tano leo atakuwa bilionea. Nasema kwamba chuo hakikuidharau dola tano, na mtoaji hakungoja kuwa tajiri ili aanze.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwanamke aitwaye Osceola McCarty, wa mji wa Hattiesburg katika jimbo la Mississippi. Alikuwa dobi. Aliacha shule akiwa darasa la sita ili amwuguze shangazi yake, akafua nguo za watu na kuzipiga pasi kwa zaidi ya miaka sabini. Mwaka 1995 akakipa chuo kikuu cha pale mjini kwao dola 150,000 za kusomesha vijana, fedha alizoziweka benki kidogo kidogo. Chuo hicho mpaka mwaka 1965 hakikuwapokea watu weusi kama yeye. Hakupata kusoma pale hata siku moja. Huyu si mhitimu wa chuo, nami nimemtaja kusudi, kwa sababu najua katika kikundi chenu mna mtu anayesema moyoni, "Mimi sikusoma, haya hayanihusu."

Hata hapa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Vyama vya ushirika vya kahawa, Kilimanjaro na Bukoba, vilitumia sehemu ya mapato ya wakulima kujenga shule na kusomesha vijana. Na jirani zetu wa Kenya mwaka 1959 walifanya kubwa zaidi. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, alipata nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani, lakini vijana hawakuwa na nauli. Watu maarufu wa kule, Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mchezaji wa sinema, waliwaandikia wenzao barua za kuomba michango, na ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na hadi 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, miongoni mwao baadhi kutoka Tanganyika. Katika kundi la 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004.

Jambo ambalo halisemwi sana juu ya ndege zile ni kwamba ndege haikutosha. Mwanafunzi alihitaji koti, viatu, na fedha ya kuanzia maisha. Hizo zilitoka vijijini. Mwalimu alitembeza karatasi, mama akauza kuku. Kama kijiji hakikuchanga, kiti cha ndege kilikaa kitupu au kilichukuliwa na mwingine.

Basi turudi Korogwe, maana huko ndiko nilikojifunza namna chama kinavyokufa.

Miaka mingi imepita sasa tangu sisi tuliosoma pamoja katika shule moja ya sekondari tulipounda chama cha kuwasaidia vijana wa shule ile wanaoingia Chuo Kikuu. Jina la shule na majina ya watu nitayaacha. Mwaka wa kwanza fedha zilikuja kwa furaha. Tukachagua vijana wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa dada yake mwenyekiti. Naamini mpaka leo kwamba kijana yule alistahili. Alama zake zilikuwa nzuri na baba yake alikuwa hajiwezi. Lakini tulichagua watu watatu tu, jioni, katika chumba cha mwenyekiti, na hapana aliyeona tulivyopima. Mnong'ono ukaanza. Hapana aliyesimama mkutanoni kuuliza. Sisi watu wa huku tuna adabu mbaya ya namna hiyo, twanyamaza mkutanoni na kusema njiani. Mwaka wa pili nusu ya watu hawakuleta mchango.

Jambo la pili lilikuwa la kusikitisha zaidi. Fedha zilikaa kwa mtunza hazina, katika akaunti yake mwenyewe, kwa kuwa tulimwamini. Alikuwa mwaminifu. Akaugua. Akatumia fedha ya chama hospitali, akituahidi, na kujiahidi, kwamba atairudisha akipona. Hakupona. Nani angekwenda kwa mjane kudai? Hapana aliyekwenda, wala mimi sikwenda. Kijana mmoja kati ya wale wawili alikuwa amebakiza mwaka mmoja.

Hapo nilijifunza kwamba imani si daftari. Mtunza hazina mwema ndiye anayepaswa kulindwa zaidi kwa daftari, maana mtu mbaya humwangalia, lakini mwema huachwa peke yake na kishawishi na shida zake.

Kwa hiyo, kama mtaanzisha mfuko, andikisheni. Bodi ya wadhamini huandikishwa kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na vyama vya kawaida kwa Msajili wa Vyama katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la mfuko, yenye sahihi tatu. Hesabu isomwe kwa sauti mara nne kwa mwaka, na inayosomwa ibandikwe shuleni, watoto nao waione. Katika kuchagua, fomu za waombaji zipewe namba, majina yafunikwe, na wanaopima wawemo mwalimu mkuu, mtu wa msikiti, mtu wa kanisa, na mama mmoja asiye na mtoto katika shule ile. Ada msimpe mwanafunzi mkononi. Chuo hutoa namba ya malipo, lipeni benki moja kwa moja. Fedha ya chakula mpeni yeye, kidogo kila mwezi. Nyote mmekwisha kuwa vijana. Mnajua kwa nini.

Sasa hesabu. Mwenye daftari aandike. Tuseme binti amepata mkopo wa nusu, na pengo lililobaki ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Masomo ni ya miaka mitatu; pengo zima ni 3,600,000. Watu 60, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, watapata 300,000 kwa mwezi, na katika miezi kumi na miwili 3,600,000. Yaani watu sitini, kwa mwaka mmoja tu, wamekwisha mvusha mtu mmoja tangu siku ya kwanza mpaka siku ya joho. Nami nawasihi sana katika jambo hili: msomesheni mmoja hadi mwisho kuliko kuwasaidia tisa kwa muhula mmoja. Wale tisa watapigwa picha pamoja na mwenyekiti. Kisha wataahirisha masomo.

Mkitaka mfuko uishi baada yenu, iko njia nyingine, nayo watu wa Korogwe wataielewa upesi. Mkonge ukipandwa haukatwi mwaka wa kwanza. Huachwa kama miaka mitatu. Na hata ukifika wakati wake, mkataji huchukua majani ya chini tu. Akikata yote, mmea hufa. Mfuko wa kudumu ni hivyo hivyo. Mtaji hauguswi, linalotumika ni jani, yaani faida. Wale watu sitini wakikusanya kwa miezi mia moja, ambayo ni miaka minane na miezi minne, watakuwa na shilingi milioni 30. Wakiziweka katika hatifungani za Serikali, ambazo huuzwa na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, na tuseme kwa mfano faida ikawa 10 kwa mia, hupatikana 3,000,000 kila mwaka, bila mtaji kupungua. Hizo zaziba pengo la wanafunzi wawili na ziada, mwaka huu na mwaka ambao sisi sote tutakuwa tumelala kaburini.

Najua baadhi ya wasikilizaji wangu Waislamu watasema riba hawaitaki. Ni sawa, nao wanayo njia ya zamani kuliko Yale: wakfu. Watu wa mwambao waliweka wakfu nyumba na minazi. Nazi zilitumika, mnazi haukuuzwa. Al-Azhar ya Misri ililisha na kusomesha wanafunzi kwa wakfu kwa karne nyingi. Chumba cha duka Korogwe mjini, karibu na stendi, au ekari za machungwa, vyaweza kuwa wakfu wa wanafunzi, na kodi au mavuno yakalipa chakula cha mtu Mlimani, Mzumbe au Dodoma.

Sitataja misaada yote iliyopo, maana muda hautoshi. Mmoja tu nitautaja, ule uitwao Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu sana sayansi kidato cha sita. Ni jambo zuri. Lakini msaada wa namna hiyo humpata aliyekwisha shinda, na kushinda sayansi kwataka maabara na mwalimu wa fizikia. Mfuko wa nyumbani kazi yake ni kumwona yule wa alama za kati, aliyesoma kwa taa ya simu, ambaye hakuna mfuko mkubwa utakaomwona.

Sasa habari za binti wa Mkata.

Alirudi kabla mwaka haujakwisha. Nilikutana na baba yake Handeni, sokoni Chanika, nikamwuliza, "Mjukuu wangu hajambo huko Mlimani?" Akatazama chini. "Yupo nyumbani, mzee wangu. Ameahirisha." Hakufeli mtihani, mtihani hakuufikia. Wiki zile tatu zikawa tano kwa kula mlo mmoja, kisha zikaisha.

Nilipofika nyumbani sikulala mapema. Nilihesabu kwa vidole watu wa kata ile walio Dar es Salaam, waliopita Chuo Kikuu, wenye kazi. Niliwafahamu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa amenipelekea kadi ya mchango wa harusi ya mdogo wake mwezi ule ule wa kumi, nami nilichanga shilingi 50,000. Watu kumi na mmoja wale nao walichanga, nina hakika, tena zaidi yangu, kwa kuwa kadi ina jina lako na kamati hupiga simu kila Jumamosi mpaka utoe. Harusi ilikuwa nzuri. Tulikula pilau. Binti wa Mkata hakuwa na kadi wala kamati, na hapana aliyetupigia simu.

Nilimwandikia mmoja wa wale kumi na mmoja. Alinijibu, "Babu, mbona hatukuambiwa?" Nami sikuwa na jibu zuri, maana mimi nilikuwa kituoni pale Mkata, nilisikia neno "wiki tatu" kwa masikio yangu, nikapanda basi.

Mwaka uliofuata alirudi chuoni. Watu saba kati ya wale kumi na mmoja walikubali shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwezi, ambazo ni 140,000, na hizo zilitosha kuziba njaa bumu lilipochelewa. Wanne hawakujibu. Mmoja wa wale saba aliacha katikati, akasema hali ni ngumu, na nilimsadiki. Chama hakina jina mpaka sasa, bali kina akaunti yenye sahihi tatu. Nilisisitiza hivyo mpaka wakanichoka.

Kabla kikundi chenu hakijatawanyika, mwenye daftari aandike maswali haya, nanyi myajibu wiki hii.

Kwanza: katika kijiji au mtaa wenu ni nani waliomaliza Chuo Kikuu, wako wapi, na namba zao za simu ni zipi? Andikeni majina yote, hata ya wale mliogombana nao.

Pili: mwaka huu ni watoto wangapi wako kidato cha sita, na ni nani kati yao asiye na cheti cha kuzaliwa, au aliyefiwa na mzazi bila cheti cha kifo?

Tatu: kila mmoja ahesabu kimya kimya, bila kumwambia mwenzake, amechanga shilingi ngapi kwa harusi tangu mwezi wa kwanza.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya kuandika katiba fupi ya mfuko na kuchagua wadhamini. Njooni na majina.